Maswali na Majibu: Mashine ya Bei Nafuu, Nauli ya Kutisha

Barua nyingi za mwezi huu zimezungumzia jambo moja: mashine, matrekta na vifaa vilivyotumika vinapatikana ng'ambo kwa bei ileile ya zamani, lakini kuvifikisha nyumbani kumekuwa mzigo kuliko kuvinunua. Nimechagua barua nne.

SWALI: Shikamoo mzee wa safu. Mimi ni fundi seremala wa Mafinga. Mwaka 2022 kaka yangu anayeishi Birmingham alininunulia mashine ya randa iliyotumika, nayo niliitoa bandarini Dar es Salaam bila kuumia sana. Sasa amepata nyingine ya aina hiyohiyo kwa bei ileile ya dola 2,000, lakini nauli ya meli imekaribia mara mbili. Zaidi ya hapo, makadirio ya kodi aliyonipa wakala wa forodha yamepanda, ingawa yeye mwenyewe anasema viwango vya kodi havijabadilika. Je, ninaibiwa? Na ikiwa nauli inalipwa na kaka yangu kwa fedha zake hukohuko Uingereza, kwa nini iingizwe katika kodi yangu?
*Msomaji, Mafinga*

JIBU: Marahaba, fundi. Kwa haya uliyoniandikia, huibiwi. Wakala wako amekueleza ukweli, ila hakukufafanulia.

Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inataka mzigo uthaminiwe kwa gharama yake ukiwa umefika bandarini kwetu, si kwa bei yake ulipotoka dukani. Kwa hiyo bei ya ununuzi, bima na nauli hujumlishwa pamoja, na jumla hiyo ndiyo utakayosikia kila wakala wa Kurasini akiiita CIF. Forodha haiulizi fedha za nauli zimetoka mfukoni mwa nani. Hata kama kaka yako angekupa mashine hiyo bure, bado ingetafutiwa thamani na kutozwa.

Tufanye hesabu kwa mfano wa kukadiria. Mashine ni dola 2,000, bima dola 40 na nauli ya zamani tuseme dola 1,200. CIF inakuwa dola 3,240. Ikiwa mashine yako imo katika kundi lisilotozwa ushuru wa forodha, kama ilivyo mitambo mingi ya uzalishaji, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 peke yake inafika dola 583.20. Nauli ikipanda hadi dola 2,200, CIF inakuwa dola 4,240 na kodi hiyo inakuwa dola 763.20. Kiwango ni kilekile, lakini dola 1,000 zilizoongezeka baharini zimekuwa dola 1,180 nchi kavu. Kifaa kinachoangukia ushuru wa asilimia 10 huumia zaidi, kwa sababu kodi ya ongezeko la thamani hukokotolewa juu ya CIF pamoja na ushuru wenyewe, na hapo dola 1,000 zako zinafika 1,298. Tozo ndogondogo sijazigusa.

Kuna na suala la shilingi, ambalo watu hulisahau kwa kuwa wanazoea kuhesabu kwa dola. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilibadilishwa kwa takriban shilingi 2,300. Katikati ya 2024 ilikuwa imepita 2,600. CIF ileile ya dola 3,240 ingekuwa shilingi 7,452,000 kwa kiwango cha kwanza na 8,424,000 kwa cha pili. Karibu milioni moja imeongezeka bila mwenye meli kupandisha hata senti.

Kuhusu nauli yenyewe, mzigo wa Uingereza ulizoea kupita mfereji wa Suez na Bahari ya Shamu. Novemba 2023 Wahouthi wa Yemen walianza kushambulia meli katika njia hiyo, na kampuni nyingi kubwa za meli zikazungusha vyombo vyao kupitia Rasi ya Tumaini Jema, safari iliyo ndefu zaidi kwa maelfu ya kilomita. Meli ikikaa baharini muda mrefu hufanya safari chache kwa mwaka, na nafasi ikiwa chache hupanda bei hata kwa mzigo ambao haukuwa upite huko. Ndiyo maana mwenzako anayeagiza kutoka Japani naye analalamika.

Bahari huwezi kuituliza, lakini vipimo vya mzigo wako vimo mikononi mwa kaka yako. Mashine moja kama hiyo husafirishwa katika kontena la kuchangia, ambalo hutozwa kwa CBM, yaani mita moja ya ujazo, au kwa tani moja, kutegemea kipi ni kikubwa. Randa yenye uzito wa kilo 700 itatozwa kwa ujazo. Mpimaji hunyoosha utepe wake kutoka ncha hadi ncha, na ncha hiyo inaweza kuwa kishikio cha kurekebishia unene wa mbao kilichotokeza sentimita 20 ubavuni. Mashine ya mita 1.3 kwa 1.1 kwa 1.4 ina CBM 2.002, kishikio kikifunguliwa na kufungwa ndani ya boksi la visu, upana unarudi mita 0.9 na ujazo unashuka hadi 1.638. Kwa mfano mwingine tu, ukiwa unatozwa dola 150 kwa CBM, umeokoa karibu dola 55 kwa kazi ya spana na dakika tano. Kaka yako akiweza kutenganisha na meza ya chini, itashuka zaidi. Amwambie fundi wa huko apige picha kila hatua ili wewe usihangaike kuunganisha.

Mwambie pia atazame ubao wa godoro la mbao, lile mnaloliita paleti, kama una muhuri wa kuonyesha kwamba mbao zake zimepashwa joto, nyuzi 56 kwa dakika 30, kuua wadudu. Paleti isiyo na muhuri inaweza kuzuiliwa ifukizwe dawa kwa gharama yako, na siku zinazopotea hapo hugeuka malipo ya stoo. Mimi niliwahi kulipia stoo ya siku tisa kwa ajili ya mbao za paleti ambazo baadaye nilizichoma jikoni.

Mwisho, atunze risiti na hati ya benki ya malipo. Bei ya kifaa kilichotumika isiyo na ushahidi ndiyo inayotiliwa shaka haraka, na thamani ikipandishwa na forodha, hesabu yote ya hapo juu inaanza upya.

SWALI: Jambo Baba. Ninafanya kazi ya kuchomelea vyuma Lubumbashi. Nimenunua jenereta kubwa iliyotumika huko Dubai. Nauli ya meli hadi Dar es Salaam siyo mbaya, lakini kutoka Dar hadi kwangu nimetajiwa fedha nyingi kuliko za meli, na nimetakiwa kuweka amana ya kontena. Barabara inawezaje kuwa ghali kuliko bahari?
*Msomaji, Lubumbashi*

JIBU: Jambo sana. Inawezekana, na kwa Katanga ni hali ya kila siku. Meli hugawa gharama zake kwa maelfu ya makontena, wakati lori hubeba moja au mawili kwa karibu kilomita 2,000. Litatoka Dar hadi Tunduma, kama kilomita 930, livuke hadi Nakonde, lishuke Zambia kwa Mpika na Kapiri Mposhi, kisha lipande Ndola hadi Kasumbalesa. Hizo ni nchi tatu, na kila moja ina tozo zake za barabara.

Tunduma na Nakonde pana kituo cha pamoja cha forodha kilichozinduliwa mwaka 2019, kwa hiyo ukaguzi wa pande mbili unafanyika mahali pamoja. Shida ya safari yako iko Kasumbalesa. Foleni za malori pale hupimwa kwa siku, na mwenye lori anapokupa bei ameshazihesabia siku hizo, kwa kuwa dereva anakula, lori limesimama na mkopo wa benki unaendelea. Mnamo Agosti 2024 Zambia ilifunga mpaka huo kwa siku chache katika mzozo wa kibiashara na Kongo, na wenye malori hawajausahau.

Sasa amana. Kontena ni mali ya kampuni ya meli, ambayo inalitaka lirudi Dar likiwa tupu. Siku za bure zikipita, unaanza kulipa kwa kila siku, na kontena lililo kwenye foleni ya Kasumbalesa haliwezi kurudi. Mimi kwa jenereta moja nisingekubali kontena liende hadi Lubumbashi. Muulize wakala wako kama jenereta inaweza kushushwa kwenye kontena hapahapa Dar chini ya usimamizi wa forodha, ipakiwe wazi juu ya lori, ifungwe minyororo na kufunikwa turubai, na kontena lirudishwe ndani ya juma hilohilo. Kushusha kwa kreni kuna bei yake, lakini bei hiyo unaijua leo, wakati siku za kuchelewesha kontena huzijui hadi zifike. Njia nyingine ni muuzaji wa Dubai kukupakilia katika kontena lililonunuliwa moja kwa moja, lisilodaiwa na mtu, nawe ukabaki nalo kama stoo ya karakana yako.

Mambo mawili usiyaache. Hati ya FERI, yaani karatasi ya taarifa za mzigo unaoingia Kongo inayosimamiwa na OGEFREM, ofisi ya serikali ya Kongo ya mizigo, ishughulikiwe mapema, kabla mzigo haujaondoka, kwa sababu kuitafuta jenereta ikiwa njiani ni kununua faini. Pia jenereta ikaushwe mafuta na oili na betri yake iondolewe kabla ya kupakiwa. Kampuni za meli hukataa au hutoza zaidi injini yenye mafuta.

SWALI: Ninalima mahindi Kitale na nimeona trekta iliyotumika Uingereza. Niagize sasa au nisubiri nauli ishuke? Na je, ije kwa kontena au kwa meli ya magari?
*Mkulima, Kitale*

JIBU: Ukisubiri, usisubiri bila kuwa na tarehe. Kipimo cha Drewry, kampuni ya utafiti wa biashara ya meli, cha nauli za makontena ya futi 40 katika njia kubwa za dunia kilikuwa na wastani wa dola 1,420 mwaka 2019, kikapanda hadi dola 10,377 Septemba 2021, kikashuka chini ya 1,400 mwishoni mwa 2023, kisha kikakaribia 6,000 Julai 2024. Njia yetu haimo katika kipimo hicho, lakini meli na makontena ni yaleyale. Kitu kinachopanda na kushuka namna hiyo hakibashiriki. Shilingi ya Kenya nayo ilifika kama 160 kwa dola Januari 2024, ikarudi karibu 130 baadaye mwaka huohuo, na aliyelipa kodi Januari alijuta kuliko aliyelipa nauli kubwa. Panga kwa msimu wa kulima: hesabu kurudi nyuma kutoka siku unayotaka trekta iingie shambani, kisha ongeza miezi miwili ya dharura.

Kontena au meli ya magari? Mlango wa kontena la kawaida una kimo cha mita 2.28, na wa lile refu 2.58. Trekta yenye kibanda cha dereva haipiti ya kwanza, na mara nyingi hata ya pili hadi ing'olewe magurudumu. Ikiwa ni moja tu, ipande meli ya magari kwa magurudumu yake. Zikiwa mbili au tatu za wanakijiji mnaochangia, kontena la futi 40 na fundi wa kuzifungua litakuwa nafuu. Vyovyote vile ioshwe vizuri, pasibaki udongo wa shamba la Mzungu kwenye magurudumu, maana wakaguzi wa mimea hawautaki.

SWALI: Sisi ni Watanzania wa Hamburg. Tumekusanya kompyuta 40 na mashine 12 za kuchapia kwa ajili ya shule moja Tanga. Tano haziwaki, lakini zinafaa kwa spea. Tumeambiwa kuna gharama mpya za mazingira na karatasi nyingi. Ni kweli?
*Wasomaji, Hamburg*

JIBU: Ni kweli, na ni mambo mawili tofauti. La kwanza ni fedha. Tangu Januari 2024, meli zinazotia nanga katika bandari za Umoja wa Ulaya hulipia moshi wake. Kwa safari ya kwenda nje ya Umoja huhesabiwa nusu ya moshi huo. Malipo yalianza na asilimia 40 ya kiasi hicho kwa mwaka 2024, yakawa 70 kwa 2025 na yote kamili kuanzia 2026. Kampuni za meli huliweka hilo kwenye ankara kama nyongeza ya peke yake. Halipunguziki kwa kubembeleza, ingawa katika nauli yenu nzima ni sehemu ndogo.

La pili ndilo zito. Kuanzia tarehe 1 Januari 2025, marekebisho ya Mkataba wa Basel, ule wa kimataifa wa kudhibiti usafirishaji wa taka, yameweka taka zote za kielektroniki, zenye sumu na zisizo na sumu, chini ya utaratibu wa kuomba idhini ya nchi zinakokwenda, na Umoja wa Ulaya wenyewe unakataza kuzipeleka katika nchi kama zetu. Kompyuta iliyotumika lakini inayofanya kazi si taka, ila ni juu yenu kuthibitisha. Kila moja ijaribiwe, iandikiwe karatasi yenye namba yake, tarehe na matokeo, ibandikwe, kisha ifungwe vizuri. Iliyorundikwa bila kinga huonekana taka hata kama inawaka. Shule nayo ianze sasa kuomba msamaha wa kodi, kwa sababu hauji wenyewe kwa kuwa mzigo ni wa msaada, na kompyuta zikitangulia barua ya msamaha mtalipia stoo.

Zile tano zisizowaka ziacheni hukohuko Hamburg.