Hatukufungiwa, lakini mimi nilimfungia mama yangu

Aliyeanzisha uzi huu ameuliza kama sisi Watanzania tuna la kusema kuhusu madhara ya kiafya ya watu kufungiwa majumbani wakati wa korona, ilhali nchi yetu haikutoa amri ya kukaa ndani kama walivyofanya Rwanda au Afrika Kusini. Ninaamini tunalo. Nitaeleza yaliyonipata mimi na familia yangu, nami sidai kwamba ndivyo ilivyokuwa kwa kila mtu wa nyanda za juu kusini.

Mwaka 2020 nilikuwa nafundisha katika shule binafsi ya msingi hapa jijini Mbeya, ambayo sitaitaja jina. Tarehe 17 Machi Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba shule zote zifungwe kwa siku 30. Mshahara wa mwezi huo tuliupata, wa Aprili ukaja nusu, na baada ya hapo hatukuona kitu mpaka shule zilipofunguliwa tarehe 29 Juni. Mwenye shule simlaumu sana, kwa sababu ada ndiyo iliyokuwa ikitulipa na hakuna mzazi anayelipia darasa lililofungwa. Nilianza kuuza mchele wa Kyela kwa kupimapima barazani kwangu. Usiku nilikuwa nashtuka saa tisa, moyo ukienda mbio, nikipiga hesabu ya kodi ya nyumba hadi jogoo wawike. Nilipopima presha katika duka la dawa mwezi Mei ilikuwa 150 kwa 95, nami nilikuwa na umri wa miaka 38 na sikuwahi kuwa na tatizo hilo. Kiungulia nacho kilinikaa kifuani kiasi kwamba chai ya rangi, ambayo ndiyo starehe yangu pekee, niliiacha.

Mume wa dada yangu, dereva wa lori, alikwama Tunduma mwezi huohuo wa Mei, wakati Zambia ilipofunga mpaka wake wa Nakonde kwa siku kadhaa. Alilala ndani ya kabini akila mkate na soda, akirudi kila saa kuuliza kama foleni imesogea. Alirudi nyumbani mzima, akiwa amekonda.

Lakini kinachoniuma zaidi ni habari ya mama. Yeye anaishi Rungwe, nje kidogo ya Tukuyu, na alikuwa na presha kwa zaidi ya miaka kumi, akihudhuria kliniki kila mwezi bila kukosa na daftari lake limefungwa kwenye mfuko wa nailoni ili mvua isililoweshe. Takwimu rasmi za korona zilikoma mwanzoni mwa Mei zikiwa wagonjwa 509 na vifo 21, na baada ya hapo kila mtu akawa na takwimu zake alizozipata msibani au ndani ya daladala. Hofu isiyo na kipimo ni mbaya, kwa maana hujui uogope kiasi gani, kwa hiyo unaogopa yote. Kwenye simu zetu zilizunguka habari kwamba mzee akienda hospitali akikohoa hata mara moja atapelekwa karantini na hatarudi. Mimi mwalimu, mtu niliyepaswa kuzipima habari kabla ya kuzimeza, nilimpigia mama nikamwambia: “Mama, usiende kliniki kwanza, tulia nyumbani mpaka hali itulie.” Akanijibu, “Sawa mwanangu, wewe ndiye uliyesoma.”

Alitulia kweli. Aliacha kwenda kanisani, aliacha kwenda misibani, jambo ambalo kwa mama wa Kinyakyusa si dogo, kwa kuwa msiba ndiko anakokutana na ndugu, anakolia na kucheka na kula pamoja na wenzake. Majirani walimsalimia kutoka kwenye migomba bila kumpa mkono. Dada yangu alimpelekea mikaratusi na mchaichai ajifukize nyungu, naye alijifukiza asubuhi na jioni akiamini hiyo inatosha. Vidonge vilipoanza kupungua hakutuambia, bali alianza kumeza kimoja kila baada ya siku mbili ili vifike mbali. Presha ina ubaya huo, kwamba haiumi. Mtu anapunguza dawa na bado anajiona mzima.

Katikati ya Julai, baridi ikiwa kali na shule zimekwisha kufunguliwa, nilipanda gari asubuhi kwenda kumwona. Nilimkuta amekaa jikoni, mdomo umepinda upande mmoja, akijitahidi kutamka “ugonile”, salamu yetu ya Kinyakyusa, na neno likimkatikia katikati. Tulimkimbiza hospitali. Daktari aliyempokea hakunihakikishia kwamba dawa alizoruka ndizo zilizomwangusha. Alinieleza tu kwamba presha isiyodhibitiwa ni miongoni mwa sababu kubwa za kiharusi, kisha akaniuliza kwa nini mgonjwa alikuwa haji kliniki. Nilinyamaza. Pale hospitali, wagonjwa wa presha na sukari walikuwa wakiendelea kuhudumiwa, benchi likiwa na nafasi kati ya mtu na mtu na ndoo ya maji ya kunawa mlangoni.

Kwa hiyo ndugu muulizaji, ukihesabu madhara ya kipindi kile kwetu, usiwahesabu waliougua korona peke yao. Hesabu na waliokatisha dawa za presha, za sukari na za kifua kikuu kwa woga, pamoja na waliowakatisha kwa kuwapenda.

Mama yu hai. Kutembea anatembea, akishika fimbo, na maneno yamerudi karibu yote, ila mkono wa kulia haukurudi. Watu walipoanza tena kupeana mikono, naye alianza, kwa mkono wa kushoto, na kila anapomsalimia mkubwa wake huinama na kuomba radhi kwanza.