Raketi ya kwanza ya mpira wa meza: anza na ubao wa polepole

Anayeanza mpira wa meza huharibiwa zaidi na raketi ya kasi kuliko raketi mbovu. Mbovu utaitupa. Ya kasi inakufundisha woga: mpira unaruka kabla hujamaliza pigo, unapita meza, na mkono unazoea kukatiza pigo njiani. Miezi ikipita pigo limekuwa fupi na gumu, na kulinyoosha ni kazi kubwa kuliko kulijifunza upya. Raketi unayoitafuta ni ile inayokuruhusu kupiga pigo zima na mpira ukabaki mezani.

Raketi za bei rahisi zinazouzwa zikiwa zimeshagundishwa zina tatizo jingine. Raba zake haziukamati mpira, na mara nyingi zimegandishwa kiasi kwamba ukizibandua unang'oa na mbao. Ijaribu: weka mpira juu ya raba, ukandamize kidogo kwa kiganja huku ukiusukuma mbele. Ukiteleza kama uko juu ya kioo, hutajifunza kuzungusha mpira kwa raketi hiyo. Nunua ubao (mbao na mpini wake, bila raba) peke yake na raba mbili peke yake.

Ubao uwe wa mbao tupu, tabaka 5, unene wa milimita 5.5 hadi 6, uzito wa gramu 80 hadi 88. Stiga Allround Classic na Yasaka Sweden Extra ni mifano inayojulikana, na makampuni mengine yana mbao za aina hiyohiyo. Usivutwe na zenye nyuzi za kaboni. Kanuni zinazikubali, kwa kuwa zinadai tu kwamba angalau asilimia 85 ya unene iwe mbao ya asili, lakini kaboni huukaza ubao na kupunguza mtetemo. Mtetemo huo ndio unaokuambia kama umeugusa mpira katikati au pembeni, kama umeukwaruza au umeugonga bapa. Mchezaji mzoefu ana njia nyingine za kujua. Wewe bado huna.

Mbao huandikwa herufi: DEF za ulinzi, ALL za mchezo wa kila namna, OFF za mashambulizi. Chukua ALL. Namba za kasi zilizo pembeni ya herufi hizo zisikusumbue, maana kila kampuni ina kipimo chake, na 80 ya huyu inaweza kuwa polepole kuliko 70 ya yule. Mpini uliopanuka mwishoni (FL) au ulionyooka (ST) ni suala la mkono wako tu. Ushike dakika mbili uamue.

Kwenye raba ndiko makosa mengi yanakofanyika, na kosa la kwanza ni unene wa sponji, tabaka laini lililo chini ya uso wa raba. Sponji nene huurudisha mpira kwa nguvu na kuuzungusha sana, lakini pia huitikia kila mzunguko wa mpinzani, hata ule ambao hukuuona. Kwa anayeanza, milimita 1.8 zinatosha. Mtoto mdogo apewe 1.5. Neno "max" kwenye pakiti ni sponji ya karibu milimita 2.1 au 2.2, kwa sababu raba nzima pamoja na gundi haitakiwi kuzidi milimita 4. Hiyo iache dukani.

Ugumu wa sponji hupimwa kwa digrii, na hapa wengi hunaswa. Tafuta ya wastani, kama 38 hadi 42 kwa kipimo cha Kijerumani. Raba ya Kichina iliyoandikwa 39 au 40 ni kitu kingine kabisa: kipimo chao ni tofauti na sponji ni ngumu zaidi. DHS Hurricane 3, kwa mfano, ina uso unaonata na hudai pigo la mwili mzima. Ukiipapasa tu, mpira unazama kwenye neti. Yasaka Mark V, iliyopo tangu 1969, bado ni chaguo zuri la kuanzia. Butterfly Tenergy ni raba bora, ila si ya mkono ambao bado unatafuta njia.

Weka raba ya aina moja pande zote mbili, foahendi (upande wa kiganja) na bekihendi (upande wa mgongo wa mkono), ili mkono usijifunze lugha mbili kwa mpigo. Upande mmoja lazima uwe mweusi. Wa pili ni mwekundu kwa kawaida, ingawa tangu Oktoba 2021 rangi nyingine kama bluu, kijani, waridi na zambarau zimeruhusiwa. Raba zenye vipele virefu usoni zipishe. Zitakupa pointi za bure kwa wanaoanza wenzako, na hazitakufundisha kuuzungusha mpira kwa nguvu yako mwenyewe.

Kabla ya kugundisha, paka ubao vanishi nyembamba inayochanganyika na maji, iache ikauke, kisha upitishe msasa laini kidogo. Bila hivyo, siku ya kubadilisha raba utaondoka na vibanzi vya mbao. Tumia gundi ya maji: paka mara moja kwenye ubao, mara mbili kwenye sponji kwa sababu inanyonya. Subiri weupe wa gundi upotee kabisa. Ukiharakisha, unyevu unanaswa ndani na raba inavimba mapovu. Anzia kwenye mpini, laza raba taratibu ukiiviringishia chupa, wala usiivute. Raba iliyovutwa hurudi nyuma baadaye na kuacha ukingo wa ubao wazi. Alama ya ITTF (shirikisho la kimataifa la mpira wa meza) na namba yake ibaki ikionekana karibu na mpini. Geuza raketi, raba iwe chini, ukate kuufuata ukingo kwa wembe mpya. Wembe butu hutafuna sponji.

Raketi iliyokamilika ipime: gramu 165 hadi 180 ni sawa. Kifundo cha mkono kikichoka kabla ya miguu, kichwa cha raketi ni kizito mno, na hapo sponji nyembamba itasaidia kuliko kubadilisha ubao.

Baada ya mchezo futa raba kwa sponji yenye maji kidogo, ikauke, ifunike kwa karatasi ya plastiki. Spiriti huikausha, na jua huiua haraka zaidi. Kujua kama imekufa, linganisha katikati na pembe iliyo karibu na mpini, ambako mpira haugusi sana. Pembe ikiukamata mpira na katikati ikauacha uteleze, badilisha, hata kama kwa macho inaonekana nzima. Wengi huacha raba ife wakidhani ni mikono yao iliyozembea.

Ukibadilisha kwa mara ya kwanza, gusa kitu kimoja: raba ileile, ya milimita 2.0, upande wa foahendi. Ubao uache ulivyo.