Canon R50 au R6 Mark II: kabla hujatoa hela kwa kazi ya harusi

Anayeingia kwenye kazi ya kupiga picha za harusi kwa kamera za Canon zisizo na kioo hufika mahali akakwama: achukue EOS R50 abaki na chenji, au ajikaze mpaka afikie R6 Mark II? Zilipotoka, R6 Mark II ilitangazwa Marekani kwa dola 2,499 bodi tupu (Novemba 2022), na R50 kwa dola 679 (Februari 2023). Kwa tofauti hiyo unapata lenzi mbili nzuri, flashi na betri za ziada. Kwa hiyo ujue kwanza kinachokusumbua ni nini.

Wengi husema, "Picha zangu za ukumbini zina chenga, nahitaji fulu fremu." Fulu fremu ni kamera yenye sensa kubwa, kama R6 Mark II; sensa ya R50 ni ndogo zaidi. Hapo tupige hesabu. R50 inauzwa na lenzi ya RF-S 18-45mm, ambayo ukiivuta mpaka mwisho inafunguka hadi f/6.3 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu la lenzi ni pana na mwanga mwingi unaingia). Tuseme ukumbi una mwanga hafifu na shata iko 1/125 ili watu wanaocheza wasivutike: kamera inakudai ISO 12800 (ISO ni kiwango cha usikivu kwa mwanga), na chenga lazima zije. Ondoa lenzi hiyo, weka RF 50mm f/1.8, ile ndogo iliyotoka kwa dola 199. Mwanga unaoingia ni mara 12 zaidi, ISO inashuka hadi karibu 1000.

Sasa chukua R6 Mark II na lenzi ya RF 24-105mm f/4L, ukumbi ule ule, shata ile ile. Kwa f/4 utahitaji ISO kama 5000. Sensa yake ni kubwa mara 2.6 kwa eneo, na faida hiyo inafidia kidogo zaidi ya stopu moja (stopu moja ni mwanga mara mbili), yaani chenga zitafanana na za R50 ikiwa kwenye ISO 2000 hivi. Bado R50 yenye lenzi ya f/1.8 imeishinda. Ukiiweka lenzi hiyo hiyo kwenye R6 Mark II, bila shaka kamera kubwa inarudi mbele, lakini hatua ya kwanza na ya bei nafuu ilikuwa lenzi.

Kasoro ya 50mm kwenye R50 ni kwamba inabana. Sensa yake ya APS-C inazidisha kwa 1.6, hivyo unaona kama 80mm: safi kwa uso wa bibi harusi, mateso kwa picha ya ukoo mzima mbele ya jukwaa. Kwa kazi za ndani, lenzi inayoibeba R50 vizuri kuliko zote ni Sigma 18-50mm f/2.8, ambayo tangu 2024 inapatikana kwa mdomo wa RF, ule wa kamera hizi za Canon. Na kumbuka R50 haina utulizaji wa mtikisiko ndani ya bodi, wala 50mm f/1.8 haina. Usishuke chini ya 1/100 ukishika kwa mkono. R6 Mark II inao, na Canon wanasema unafika stopu 8 ukishirikiana na lenzi inayofaa. Ila utulizaji huo unazuia mkono wako kutikisika, haumzuii shangazi anayecheza. Watu wanaosogea wanataka 1/125 au zaidi kwa kamera yoyote.

Kwenye fokasi usipoteze usingizi. Zote zinatumia mfumo wa fokasi wa Canon uitwao Dual Pixel CMOS AF II, na zote zinashika jicho la mtu na kulifuata.

Mtego halisi wa R50 uko juu yake, pale pa kuchomeka flashi. Ina viunganishi vya kisasa tu vya Canon, haina zile pini za kawaida. Ukichomeka flashi ya zamani ya Canon, au trigger na flashi za makampuni mengine, inakaa vizuri kabisa na haiwaki. Dawa ni adapta iitwayo AD-E1. Nenda dukani na flashi yako mwenyewe, ijaribu pamoja na adapta hiyo kabla ya kulipa. R6 Mark II inapokea flashi mpya na za zamani bila adapta. Kuhusu kile kiflashi kinachoruka juu ya R50, ni cha dharura tu. Ukiweka lenzi ndefu, utaona kivuli chake kikiangukia chini ya picha.

Sasa tuje kwenye kile unacholipia hasa ukichukua R6 Mark II, yaani mambo yasiyoonekana kwenye picha.

La kwanza ni nafasi mbili za kadi. Kadi hufa, na hazichagui siku. R50 ina nafasi moja: kadi ikigoma baada ya kiapo, kiapo kimekwenda. R6 Mark II inaandika kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja, lakini usiamini tu kwamba imeshapangwa hivyo. Ingia kwenye menyu ya kurekodi na kadi, chagua kuandika kwenye kadi zote mbili, piga picha moja, kisha ifungue kutoka kila kadi kwa zamu. Kuna watu wamebeba kadi mbili mwaka mzima, ya pili ikiwa tupu.

Mwenye R50 ajilinde kwa njia nyingine: kadi ndogo ndogo za GB 64 zinazobadilishwa baada ya kila sehemu ya shughuli, iliyotumika iende kwenye mkoba uliovaliwa mwilini. Usinunue kadi za UHS-II (aina ya kasi kuliko UHS-I) kwa ajili yake. Zitafanya kazi, ila ndani ya kamera zitaenda kwa mwendo wa UHS-I na kasi uliyoilipia itabaki bure. Kadi yoyote mpya, hata iliyofungwa vizuri kwenye pakiti, ipime kwa programu kama H2testw au F3 inayoijaza mpaka mwisho na kuisoma tena. Kadi feki ya "GB 128" mara nyingi ni ndogo zaidi iliyodanganywa, na inaanza kuharibu mafaili pale ujazo wake wa kweli unapoisha, yaani katikati ya kazi.

Betri: LP-E17 ya R50 ni mAh 1040, LP-E6NH ya R6 Mark II ni mAh 2130. Siku nzima ya harusi, R50 inataka betri tatu au nne. Zote mbili zinaweza pia kuchajiwa kwa USB-C kutoka kwenye pawa benki yenye PD (mfumo wa kuchaji kwa nguvu kubwa), jambo la maana pale soketi za ukumbi zote zimeshatekwa na DJ.

Video ndiyo inayotenganisha zaidi. R50 inatoa 4K nzuri ya fremu 30 kwa sekunde, lakini klipu moja haivuki saa moja, na haina sehemu ya kuchomeka hedifoni, kwa hiyo sauti mbovu utaigundua nyumbani. Anayerekodi ibada ndefu au hotuba za wazee ataumia. R6 Mark II inarekodi hadi saa 6 mfululizo, inafika 4K ya fremu 60, ina sehemu ya hedifoni na C-Log3, yaani video iliyofifishwa makusudi ili urekebishe rangi baadaye. Gharama yake iko kwenye hifadhi: 4K ya fremu 60 kwa kiwango cha Mbps 230 inakula takriban GB 104 kwa saa, na kwenye viwango vya biti 10 vinavyofika Mbps 340 ni GB 153, na hapo unahitaji kadi yenye alama ya kasi ya V60. R50 kwa Mbps 120 inakula GB 54. Mafaili hayo ya biti 10, yanayobanwa kwa mfumo wa H.265, yanaweza pia kuilaza kompyuta ya zamani. Kama laptopu yako sasa inasuasua kwenye video za kawaida, bei ya R6 Mark II kwako ni bodi pamoja na laptopu.

Kisha kuna vidole. Maharusi wanaingia ukumbini: nje kweupe, mlangoni giza, hatua tano mbele taa za jukwaa. R6 Mark II ina magurudumu matatu, hivyo shata, tundu la lenzi na ISO kila moja ina gurudumu lake, na jicho halitoki kwenye kitundu cha kutazamia. R50 ina gurudumu moja. Kwenye M (unapopanga kila kitu mwenyewe) inabidi ubonyeze kitufe ili lihame kutoka shata kwenda tundu la lenzi. Njia ya kupunguza adha: ile 50mm f/1.8 ina swichi ya kubadilisha pete yake iwe ya kudhibiti. Iweke huko, pete uipe kazi ya tundu la lenzi, gurudumu libaki la shata, ISO iwe otomatiki yenye kikomo. Ukipiga mfululizo kwa RAW (mafaili makubwa yasiyochakatwa), R50 inajaa ndani ya kama sekunde moja kisha inakugandia. Piga mikupuo mifupi, au tumia JPEG wakati wa kurusha maua.

Taa za LED zitakuletea mistari kwa kamera zote mbili. Umeme wetu ni Hz 50, taa zake hupepesa mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo shata ya 1/50 au 1/100 huondoa sehemu kubwa ya mistari hiyo. Kwenye video weka mfumo wa PAL, fremu 25 na shata 1/50. Kamera iliyotoka Marekani inaweza kuja ikiwa kwenye NTSC, mfumo wa nchi za umeme wa Hz 60. Skrini za jukwaani na taa za DJ hupepesa kwa kasi kubwa zaidi, na 1/100 haitatosha. Hapo R6 Mark II ina kipimo cha kupepesa kwa kasi kinachokuwezesha kurekebisha shata kwa desimali. Kwa R50, kaa mbali na shata ya kielektroniki ndani ya ukumbi.

Anayepanga kuanza na R50 na kuhama baadaye aangalie herufi kwenye lenzi. RF-S zinaingia kwenye R6 Mark II, lakini kamera inakata picha na kukuachia megapikseli 9 hivi kati ya 24. Weka hela kubwa kwenye RF za kawaida, au EF (lenzi za kamera za Canon zenye kioo) za mtumba pamoja na adapta ya EF-EOS R. Sigma 18-50mm niliyoisifu nayo ni ya sensa ndogo, kwa hiyo inunue ukijua utaiuza pamoja na R50.

Na ukipata R6 Mark II ya mtumba, usishtuke ikigongagonga ndani unapoitikisa ikiwa imezimwa. Ni sensa inayoning'inia kwenye utulizaji, ni kawaida. Kagua haya badala yake: piga ukuta mweupe kwa f/16 uone madoa ya sensa, jaza kadi zote mbili, chomeka flashi, rekodi video dakika 20, sikiliza kwa hedifoni. Kama imetumika Tanga, Mombasa au Unguja, mulika lenzi kwa tochi kutoka nyuma utafute nyuzi za ukungu kwenye vioo. Ukiziona, iache lenzi hiyo, hata kama bei inavutia.