Usiweke hiyo nadhiri: mimi deni la sura 90 liliniachisha kuomba

Mleta mada, umesema unaanza Jumatatu nadhiri yako ya kusoma Biblia na kuomba, kwa hiyo bado hujaitamka. Usiitamke.

Kuamka saa 9 usiku, sura 10 za Biblia, maombi kwa muda wa saa mbili, siku 40 mfululizo, na siku utakayokosa utailipa mara mbili. Nilipofika kwenye "mara mbili" niliweka simu chini nikaenda kunywa maji. Hiyo ratiba naijua. Niliibandika ukutani mwenyewe, tena kwa kalamu za rangi.

Wiki ya kwanza nilikuwa moto. Niliwaona wanaolala mpaka alfajiri ni Wakristo wa mazoea (naomba radhi kwa wote, hasa mke wangu). Wiki ya pili nikaugua homa, siku 4 sijafungua kitabu. Sasa piga hesabu: sura 40 nilizokosa, mara mbili ni 80, ongeza 10 za siku hiyo. Sura 90. Mwanzo ina 50, Kutoka ina 40, maana yake nisome vitabu viwili vizima kwa siku moja, na mwili bado unatetemeka.

Na nilijaribu! Nikasikiliza Biblia ya sauti kwa kasi maradufu, Musa anaongea kama mnadi wa mitumba. Hesabu 7 ina mistari 89, sadaka ile ile inarudiwa mara 12, nami nikafurahi kwamba naweza kuruka. Yaani nilikuwa namwibia Mungu ili nimlipe Mungu.

Kiongozi wa kikundi chetu cha maombi ndiye aliyenipa hilo wazo la kulipa. Nilipomwambia nimezidiwa, akanisomea Mhubiri 5:4, ukiweka nadhiri usikawie kuiondoa. Mstari wa 5, unaosema ni afadhali usiweke kabisa kuliko kuweka usiondoe, nilikuja kuusoma mwenyewe baadaye. Uko chini yake pale pale! Angeshusha jicho kidogo tu kabla hajanisimamisha mbele ya watu nitamke. Mpaka leo nikikumbuka, meno yanauma.

Basi nikawa mdaiwa, na mdaiwa unajua tabia zake: akimwona anayemdai anabadilisha njia. Sikuacha imani, hapana. Jumapili nilikuwepo, naimba, naitikia amina. Lakini nikipiga magoti peke yangu naona ile hesabu kwanza, nasema nitaomba nikishapunguza kidogo. Hali hiyo ilidumu karibu miaka miwili.

Katika miaka hiyo baba yangu aliugua. Jioni moja tuko wawili tu chumbani, akanishika mkono: "Mwanangu, niombee kidogo." Kidogo, alisema. Nikamjibu ngoja nimwite mchungaji. Niliona sina uso wa kusema na Mungu, ninadaiwa. Mchungaji alipofika, mzee alikuwa hasemi tena.

Sitaongeza neno hapo. Ila ukiona nakufokea, ujue natokea wapi.

Kwa hiyo shika hili moja, mengine tupa: ya jana hayalipwi. Umekosa siku moja, umekosa mwezi, leo anza na leo. Soma Kutoka 16. Mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani, siku za kawaida iliokotwa ya siku ile ile, waliojiwekea mpaka asubuhi waliikuta ina mabuu na inanuka. Na kesho yake wote walitoka wakaokota kama kawaida, hata wale wa mabuu. Najua kuna atakayeniletea Danieli na mara zake 3 za kuomba kwa siku. Sawa, lakini Danieli 6:10 inasema alifanya kama alivyozoea tangu zamani. Hakuanza na mbio za siku 40, na sijaona mahali alipoweka daftari la madeni.

Siku hizi naomba dakika 10, mara nyingine 5, mara nyingine nasinzia katikati. Nikizinduka naendelea nilipoishia. Kuna wiki nzima imewahi kupita kavu, nikarudi kama mtoto aliyetoka kucheza, bila hotuba ya kujieleza. Huu ni mwaka wa sita. Kwa ile ratiba ya kalamu za rangi nilidumu siku 11, na hapo nahesabu na ile niliyosinzia kwenye Walawi.

Uliuliza pia usome tafsiri ipi ya Biblia. Unayoielewa.

Jumatatu ukishindwa kuamka saa 9, amka saa yako ya kawaida ufungue Zaburi 117. Ina mistari 2 tu, imekwisha. Halafu Jumanne uje hapa utuambie umesoma nini, na usituhesabie ulichokosa.