Wasomaji Wauliza: Safari ya Kumtafuta Mwanamfalme Rilian

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu The Silver Chair, riwaya ya C. S. Lewis iliyotoka mwaka 1953. Wanafunzi wawili wa Uingereza, Eustace na Jill, wanatumwa na Aslan, yule simba, wamtafute Rilian, mwana wa mfalme wa Narnia, nchi ya kubuni, aliyepotea miaka kumi. Tumechagua barua nne.

Nimenunua kitabu hiki kwa muuza vitabu vya mitumba mjini, na mgongoni kina nambari 6. Cha jirani yangu kina nambari 4. Je, ni kilekile? Na binti yangu wa miaka tisa aanze na kipi? (Mama, Umoja)

Ni kilekile, mama. Vitabu vya Narnia ni 7, na hiki kilikuwa cha 4 kuchapishwa. Matoleo ya siku hizi yamepangwa kwa kufuata miaka ya Narnia yenyewe, ndiyo maana kikasogea hadi nafasi ya 6.

Sisi tunashauri mpango wa zamani: The Lion, the Witch and the Wardrobe (1950), Prince Caspian (1951), The Voyage of the Dawn Treader (1952), kisha hiki. Kama mfuko hauruhusu vyote, usikose hicho cha 1952. Katika sura ya 3 Eustace anamwona mfalme mkongwe akipanda merikebu, na hamtambui. Mzee huyo ni Caspian, kijana aliyesafiri naye baharini. Kwa Eustace imepita miezi tu, lakini Narnia imepita miaka mingi. Mtoto ambaye hakumjua Caspian akiwa kijana ataipita sura hiyo bila kushtuka, na humo ndimo safari inapoanza kuharibika.

Kwa kuwa ni cha mitumba, hakikisha sura zote 16 zimo. Gundi ya majalada laini ya zamani hukauka ikakatika katikati ya kitabu, na katikati ya hiki ni sura ya 8 na ya 9, ambazo hakiwezi kueleweka bila hizo. Karatasi zikiwa zimeachia lakini zipo, paka mstari mwembamba wa gundi nyeupe ya mbao kwa kijiti, weka nailoni pande zote mbili, kisha kilaze chini ya vitabu vizito usiku mzima. Usitumie selotepu. Huwa ya manjano, hukakamaa, na ukija kuibandua inaondoka na maandishi.

Nina wanafunzi 45 wa Gredi ya 5 na nakala moja tu. Nitawasomeaje wasichoke? (Mwalimu, Kangemi)

Nakala moja inatosha, Mwalimu, mradi wewe ndiye unayesoma. Sura moja kwa sauti huchukua kati ya dakika 20 na 30, kwa hiyo inaingia katika kipindi kimoja. Ukisoma sura mbili kwa wiki, utamaliza kwa wiki nane.

Kazi kubwa iko katika sura ya 2. Aslan anampa Jill ishara nne. Ya kwanza, Eustace akikanyaga tu Narnia atakutana na rafiki wa zamani, naye lazima amsalimie papo hapo. Ya pili, watoke Narnia waelekee kaskazini hadi magofu ya mji wa majitu wa kale. Ya tatu, wataona maandishi kwenye jiwe katika magofu hayo, na wayatii. Ya nne, mwanamfalme atajulikana kwa sababu atakuwa mtu wa kwanza safarini kuwaomba jambo kwa jina la Aslan. Jill anaagizwa azirudie ishara hizo asubuhi na usiku, hata akizinduka usingizini.

Wengi huisoma sura hiyo haraka ili wafikie majitu. Wakifika kwa majitu, darasa halioni kilichopotea. Wewe waandikishe ishara hizo daftarini, na kila kipindi hadi mwisho wa sura ya 6 darasa zima lizikariri kabla hujafungua kitabu. Kuanzia sura ya 7 acha, na usiseme kwamba umeacha. Hapo ndipo Jill naye ameacha: bibi mmoja mrembo mwenye vazi la kijani amewaahidi maji ya moto na vitanda laini katika Harfang, kasri la majitu, nao hawawazi kingine. Mkifika sura ya 9, waambie wakariri. Wakisitasita, watamwelewa Jill bila wewe kuongeza neno.

Katika sura ya 7 wasafiri wanapita mahandaki ya ajabu kwenye theluji. Jill anaporomokea katika moja lenye kona, na njia zake zinaishia ukutani. Kesho yake, wakiwa dirishani Harfang, wanaona kuwa mahandaki yale ni herufi kubwa zilizochongwa mwambani: UNDER ME. Tayari wamepita magofu ya ishara ya pili na maandishi ya ishara ya tatu bila kujua. Walipaswa kushuka chini ya mji ule.

Baada ya sura ya 8, na si kabla, chora E ya mita 4 uwanjani kwa chokaa, mistari miwilimiwili ili iwe njia ya kupita mtu. Mtoto aliyekaa darasani wakati wa kuchora apite humo akiwa ameinamisha kichwa na kuangalia nyayo zake tu, kisha aseme amepita katika nini. Atakutajia kona na mwisho wa njia, herufi asiione. Halafu apande ghorofani atazame. Shule isiyo na ghorofa, chora ya mita 2 naye asimame juu ya benchi, umemshika mkono. Ukichora mapema, umeiua sura ya 8.

Kuhusu theluji, usipoteze kipindi kuifafanua. Inatosha wajue kwamba hufanya ardhi yote ifanane, na kwamba ikija na upepo macho hayafunguki.

Mwanangu hakuelewa mabishano ya malkia katika sura ya 12. Niiruke? (Baba, Donholm)

Usiiruke, ndiyo sura bora ya kitabu kizima. Malkia wa chini ya ardhi, ambaye ndiye yule bibi wa vazi la kijani, anatupa unga wa kijani motoni, harufu tamu inajaa chumba, na anapigapiga kinanda chake cha nyuzi polepole huku akiwashawishi wasafiri na Rilian kuwa juu hakuna dunia. Jua, anasema, ni taa tu mliyoiona mkaikuza akilini. Simba ni paka mliyemkuza. Kosa la wasomaji wengi ni kumpa sauti ya kutisha. Msomee kwa upole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale, na upunguze mwendo. Kila hoja ikiisha, nyamaza umwache mwanao amjibu malkia. Ataona jinsi ilivyo vigumu.

Kisha mwangalie Puddleglum, kiongozi wao mwembamba wa mabwawani, ambaye tangu sura ya 5 hutarajia mabaya tu. Hoja zao zote zikishindwa, haongezi nyingine. Anauendea moto na kuukanyaga kwa mguu mtupu wenye utando kama wa bata. Harufu tamu inapungua, harufu ya kuungua inachukua nafasi yake, na maumivu yanampa akili timamu. Baada ya hapo ndipo anapozungumza tena, na maneno hayo yasome mara mbili.

Malkia huyu ndiye Mchawi Mweupe wa kitabu cha kwanza? (Msomaji, Lang'ata)

Hapana. Mchawi Mweupe aliuawa na Aslan katika kitabu cha kwanza. Katika sura ya 4 bundi wanasema tu kwamba huenda huyu ni wa kundi lilelile. Lililo wazi ni kwamba yeye ndiye nyoka wa kijani aliyemuua mama yake Rilian. Mwanamfalme mwenyewe anamtambua nyoka huyo baada ya kumuua: miaka yote ile alikuwa mtumwa wa muuaji wa mama yake.