Je, Yafaa Kutembea na Kisu Mfukoni kwa Ajili ya Kujikinga?

SWALI: Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, Sheikh. Mimi ni kijana, nauza viatu vya mitumba Kongowea, Mombasa, na ninakaa Kisauni. Hufunga kibanda baada ya Isha, na mara nyingine nashuka kwenye matatu saa nne za usiku, kisha natembea vichochoroni hadi nyumbani. Mwezi uliopita vijana wawili wenye mapanga walinizuia, wakaninyang'anya simu na pesa za mauzo. Sasa nimenunua kisu cha kukunja na sitoki bila nacho, hata msikitini naingia nacho. Wenzangu wanasema Mtume (s.a.w.) amesema anayeuawa akitetea mali yake ni shahidi, kwa hivyo sina kosa. Je, dini inaruhusu? Sheria ya nchi je? Na nikimuua mwizi, nina dhambi?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Mwanangu, kwanza pole kwa yaliyokupata. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba kilichopotea ni simu na fedha, na wewe ukarudi kwa mamako mzima.

Hadithi waliyokutajia wenzako ni sahihi, wameipokea Bukhari na Muslim. Tena katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Abu Hurayra, iko nyingine iliyo wazi zaidi: mtu alimuuliza Mtume (s.a.w.) afanye nini akijiwa na anayetaka kumchukulia mali yake, akaambiwa asimpe, akauliza je, akipigana nami, akaambiwa pigana naye, je, akiniua, akaambiwa wewe ni shahidi, je, nikimuua, akaambiwa yeye ni wa motoni. Kwa hivyo haki ya kujitetea imethibiti, na hakuna mwenye elimu atakayekuambia umwachie jambazi shingo yako.

Lakini hadithi hizo zinamzungumzia mtu aliyekwisha kuvamiwa. Hazikusema atoke nyumbani kila siku amebeba nini, wala hazikumpa ruhusa ya kuanza na lililo zito. Mambo hayo wanavyuoni wameyaeleza katika mlango wa kumkinga mvamizi, na sisi watu wa pwani tunaofuata madhehebu ya Imam Shafi tunayo maelezo ya Imam Nawawi katika Minhaj, kitabu chake cha fiqhi, nayo yamepangwa kama ngazi. Mvamizi hukingwa kwa jepesi kwanza: ikiwa maneno au kupiga kelele za kuomba msaada yatamzuia, ni haramu kumpiga; ikiwa mkono unatosha, ni haramu kutumia mjeledi; ikiwa mjeledi unatosha, fimbo ni haramu; na ikiwa kumjeruhi kiungo kunatosha, kumuua ni haramu. Na kauli inayotegemewa katika madhehebu ni kuwa anayeweza kukimbia akasalimika humpasa kukimbia, na kupigana kwake wakati huo ni haramu. Nasisitiza hili kwa sababu vijana wengi huona kukimbia ni aibu, hali wanavyuoni wetu wamelihesabu kuwa ni wajibu.

Sasa kipime kisu chako kwenye ngazi hiyo. Kisu hakina daraja za chini. Ukikichomoa mbele ya mtu mwenye panga, umeruka kelele, umeruka mkono, umeruka kukimbia, na mara nyingi umemlazimisha atumie panga ambalo pengine alikusudia kukutisha nalo tu. Hili la mwisho ni rai yangu, nimelipata kwa kusikiliza familia zilizofiwa. Isitoshe, katika madhehebu kuitetea mali kunajuzu, si lazima; ukimwachia simu yako ukaokoka hukutenda dhambi yoyote. Kutetea heshima ya mwanamke anayetaka kuingiliwa kwa nguvu ndiko kulikowajibishwa, kwa anayeweza na asiyeihofia nafsi yake.

Ama suala la kumuua: aliyepanda ngazi hiyo daraja baada ya daraja, asione njia nyingine, mvamizi akafa, hana dhambi wala halipi diya, yaani fidia ya damu. Lakini mvamizi akishageuza mgongo kukimbia, au akishaanguka chini hana nguvu, ulinzi umekwisha na damu yake imerudi kuwa haramu. Hapo ndipo watu wetu wanapoangamia. Mtu anapiga kelele ya "mwizi", mtaa unakusanyika, kijana anapigwa mawe na kutiwa tairi moto hali amekwisha kushikwa. Kila aliyenyoosha mkono katika hilo ameshiriki kuua, na Allah amesema katika Sura Al-Baqara, aya ya 190, msipindukie mipaka, hakika Allah hawapendi wapindukiao mipaka.

Ama sheria ya nchi, Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 17, inatambua kujitetea nafsi na mali, na mahakama huangalia kama nguvu iliyotumika ilihitajika na kama ililingana na hatari yenyewe; utaona haiko mbali na ile ngazi. Kisu chenyewe si kosa, kwani muuza nyama na mvuvi wote wanacho. Kosa huja na mazingira. Kifungu cha 89 kinamhusu anayebeba silaha bila sababu ya maana katika hali inayoonyesha kuwa inakusudiwa kuvuruga amani, na kifungu cha 308 kinamhusu anayekutwa na silaha katika hali inayoonyesha nia ya kutenda jinai kubwa. Vyote viwili vina kifungo kisichopungua miaka 7, hadi miaka 15. Jiulize askari wa doria ataona nini akikupekua saa nne za usiku kwenye kichochoro cha Kisauni, mahali ambapo magenge ya mapanga yamewasumbua watu kwa miaka. Usitegemee kwamba kusema "ni cha kujikinga" kutakutosha. Na kesi hiyo haitakwenda kwa Kadhi, kwa sababu mahakama zetu zinahusika na ndoa, talaka, mirathi na hali ya mtu binafsi tu.

Huenda ukaambiwa kuwa hiyo ni sheria ya serikali, na kwamba wazee wetu walivaa jambia juu ya kanzu. Ni kweli walivaa, lakini waliivaa kiunoni mbele ya macho ya watu, nayo ilikuwa vazi la heshima lililojulikana na kila mtu; haifanani na chuma kilichofichwa mfukoni. Na amri ya mtawala inayolinda damu za watu, isiyotuamrisha maasi, inaingia katika utiifu tulioamrishwa katika Sura An-Nisaa, aya ya 59. Pia tumekatazwa tusijitupe kwa mikono yetu katika maangamizo, na kufungwa miaka 7 kwa kisu cha mfukoni, ukamwacha mamako bila wa kumlisha, sioni kama kuko mbali na hilo.

Kuhusu msikiti, Mtume (s.a.w.) aliamrisha kuwa anayepita misikitini au masokoni akiwa na mishale azishike ncha zake, asije akamdhuru Muislamu. Wewe unasujudu bega kwa bega na watoto, usiingie nacho.

Ninalokushauri ni hili. Zungumza na wenzako wa Kongowea mnaokaa upande mmoja, mfunge pamoja na mchangie tuktuk iwafikishe milangoni. Pesa za mauzo ziweke kwenye simu kabla hujaondoka, na simu yenyewe uifunge kwa namba ya siri. Lile tukio la mwezi uliopita nenda ukaliandikishe kituoni, upewe namba ya OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi, kisha umweleze mzee wa mtaa kichochoro ni kipi na saa ni ngapi. Wengi hunyamaza kwa hofu, na magenge hayo hunenepa kwa kunyamaza kwetu. Kisu ulichonunua kiache kibandani ndani ya sanduku, ukatie kamba za marobota asubuhi, na jioni ukifunga kibaki humo humo.

Wallahu a'lam.