Tapeti zimesetiwa lakini kelele imerudi: soma mapengo kabla ya kushika spana

Mkuu, nimekuelewa hivi: injini yako ya dizeli ya silinda 6 ilikuwa inagonga tak-tak juu kwenye kava, fundi akaseti tapeti (pengo dogo kati ya roka, ule mkono unaosukuma valvu, na shina la valvu), ikatulia kidogo, sasa inagonga tena. Na kuna aliyekushauri ubane pengo chini ya kipimo cha kitabu ili inyamaze.

Usibane. Valvu ya moshi inapoa hasa pale inapokuwa imefunga na kukaa kwenye siti, yaani kikalio chake. Hapo ndipo joto linapohamia kwenye silinda hedi. Ukiinyima pengo, shina likipata moto linarefuka, valvu inabaki wazi kidogo, gesi ya moto inapenya pembeni na ukingo unaungua. Kelele utakuwa umeiondoa kweli, na kompresheni nayo itaondoka. Ndiyo maana kwenye injini nyingi upande wa moshi hupewa pengo kubwa kuliko upande wa hewa. Cummins 6BT ya valvu 12, kwa mfano, ni 0.25 mm kwa hewa na 0.51 mm kwa moshi, injini ikiwa baridi. Ya kwako fuata kitabu chake au kibati kilichobandikwa kwenye injini.

Mafundi wengi wakifungua kava wanalegeza nati zote na kuanza kuseti upya. Kazi inaisha haraka, lakini ushahidi wote umefutika. Mimi, kabla sijagusa nati hata moja, napima kila valvu na kuandika kwenye karatasi: silinda namba ngapi, hewa au moshi, pengo lililokutwa. Karatasi hiyo inaeleza ugonjwa kuliko sikio.

Kupima, injini iwe imepoa kabisa, na nje ya kava pasafishwe kwanza maana mchanga ukidondoka ndani utakwenda na oili. Zungusha injini kwa mkono, kwenye flaiwili au sehemu iliyowekwa kwa kazi hiyo, kwa uelekeo wake wa kawaida. Ukipitiliza alama, rudi nyuma vya kutosha kisha uje tena mbele, ili ulegevu wa gia usikudanganye.

Kama mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4, silinda zinakwenda kwa jozi: 1 na 6, 5 na 2, 3 na 4. Tazama roka za namba 6. Ya moshi ikimaliza kupanda na ya hewa ikaanza kushuka, namba 1 iko juu kwenye kompresheni na valvu zake zote zimefunga. Pima hiyo. Sogeza krenkishafti (shafti kuu ya injini) theluthi moja ya mzunguko, sasa namba 2 ndiyo inabadilishana, moshi inafunga na hewa inafungua, unapima 5. Endelea hivyo, mizunguko miwili ya krenki inamaliza zote. Mimi naamini roka kuliko alama ya puli, kwa sababu alama inakuja juu pia wakati silinda haiko kwenye kompresheni.

Sasa soma karatasi. Pengo likiwa limepungua kwenye valvu moja huku nyingine ziko sawa, mara nyingi valvu hiyo inazama kwenye siti. Niliwahi kuwa na injini ya lori ambayo valvu moja ya moshi ilikuwa inabana kila nikifungua kava. Tuliposhusha hedi, ukingo wa valvu ile ulikuwa umezama ndani kuliko jirani zake, na siti imekuwa pana na imejaa vidoa vyeusi. Hakuna kuseti kunakotibu hilo. Siti inachongwa au inabadilishwa, gaidi (bomba linaloongoza shina la valvu) inapimwa, valvu inasagwa hadi alama ya mgusano izunguke bila kukatika. Kisha rudisha springi, mimina dizeli kwenye tundu za hewa na za moshi, uangalie kama inachuruzika kwenye ukingo wa valvu.

Pengo likiongezeka, na likaongezeka tena muda mfupi baada ya kuseti kama lako, kuna chuma kinachoisha: nundu ya kamshafti (shafti inayofungua valvu), tapeti yenyewe inayokaa juu ya nundu hiyo, ncha ya pushirodi (fimbo inayosukuma roka) au uso wa roka. Vua roka uipitishe ukucha. Nimekuta roka yenye kishimo pale inapogusa shina la valvu. Fila, ubamba wa kupimia pengo, ni bapa, inalala juu ya kingo mbili za kishimo kama ubao juu ya mtaro, inakuonyesha pengo sahihi kumbe chini yake kuna nafasi zaidi. Roka ya namna hiyo utaiseti mara zote na itagonga mara zote. Kwa mtazamo wangu, kwako ningeanzia hapo kabla ya kuwaza kamshafti.

Pushirodi zibingirishe juu ya kioo; iliyopinda utaiona ikirukaruka. Pitisha upepo kwenye matundu ya oili ya roka. Roka iliyokauka huku nyingine zimelowa inamaanisha njia imeziba, na ukibadilisha roka bila kuzibua, mpya nayo italiwa. Kamshafti unaweza kuihisi bila kuitoa: weka dayo geji (saa ya kupimia mwendo mdogo) juu ya pushirodi, zungusha injini, linganisha upandaji wa silinda zote. Inayopanda kidogo kuliko wenzake ndiyo iliyolika.

Ukivua vitu, kila kimoja kirudi mahali pake. Pushirodi, roka, na kama hedi yako ni ya valvu 4 kwa silinda, hata yale madaraja yanayosukuma valvu mbili pamoja, yarudi na uelekeo ule ule, kwa sababu yameshazoeana na shina zake.

Mwisho, skrubu ya tapeti huwa inasogea unapokaza nati ya kufungia. Ishikilie kwa bisibisi, kaza kwa toki renchi (spana yenye kipimo cha kukaza), kisha rudisha fila upime tena. Iteleze kwa ukinzani kidogo, isilazimishwe.

Pima, uweke hapa namba zote 12 kama zilivyokutwa, kabla hujaseti chochote.